Isaac Newton na Setilaiti Zinazoanguka

Muhula uliopita, katika mkutano wa Chama cha Fizikia cha shule yetu, nilisimama mbele ya wenzangu wapatao hamsini nikasema kwamba setilaiti ikishapanda juu ya hewa haina haja tena ya injini wala mafuta, kwa kuwa huko hakuna kitu cha kuikinza, nayo itaizunguka dunia milele kama mwezi. Nilisema kwa sauti kubwa nikapigiwa makofi. Ndipo ndugu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwao ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, akanyosha mkono akauliza swali moja tu. Ikiwa ni hivyo, zile setilaiti za San Marco ambazo Waitaliani walizirusha kutoka baharini kwao, na babu yake akazitazama zikipaa, ziko wapi leo? Nilinyamaza. Makofi ya mara ya pili hayakuwa yangu.

Mwalimu wetu wa fizikia hakunicheka. Aliniletea kitabu cha maisha ya Isaac Newton akaniagiza nikisome chote, si kurasa za tofaa peke yake, kabla sijasimama tena mkutanoni. Nimekisoma usiku baada ya masomo ya jioni, pamoja na vingine viwili vya maktaba. Basi namwomba mhariri nafasi katika gazeti letu nieleze maisha ya mtu huyu, maana jibu la swali la Ngomeni limo ndani yake, na nusu ya kosa langu pia.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1642 katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire, Uingereza. Hiyo ni kwa kalenda waliyoitumia Waingereza wakati ule; kwa kalenda yetu ya sasa siku hiyo ni tarehe 4 Januari, 1643. Msomaji aishike tarehe hiyo, nitairudia. Baba yake, mkulima asiyejua hata kuandika jina lake, alikuwa amekufa miezi mitatu kabla. Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, mdogo kiasi cha kuweza kuingia katika kopo la maji. Yasimuliwa kwamba wanawake wawili waliotumwa kumtafutia dawa walikaa njiani wakapumzika, kwa kuwa walidhani watamkuta amekwisha kufa. Akaishi miaka themanini na minne.

Alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama yake aliolewa tena na kasisi mzee wa kijiji cha jirani, akaenda kukaa huko, na mtoto akaachwa kwa bibi yake. Jambo hili lilimwumiza sana. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa aliandika orodha ya dhambi zake, na miongoni mwake akataja kwamba aliwahi kuwatisha mama yake na baba yake wa kambo kuwa atawachoma moto pamoja na nyumba yao. Sikutegemea kuyakuta hayo katika maisha ya mtaalamu mkubwa, lakini yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Alipelekwa shule ya mji wa Grantham, akapanga katika nyumba ya mwuza dawa mmoja. Mwanzoni alikuwa karibu na mkia wa darasa. Siku moja mvulana aliyemzidi masomo alimpiga teke la tumbo njiani kwenda shule. Baada ya masomo Newton akampiga mpaka akasalimu amri, na kisha akakusudia kumshinda darasani pia, akawa wa kwanza wa shule. Muda wake mwingine aliutumia kutengeneza vitu: kinu kidogo cha upepo, taa za karatasi, na saa za kivuli cha jua.

Kuna habari moja ya utoto wake ambayo naipenda kuliko ile ya tofaa. Mwezi wa Septemba 1658, siku aliyokufa Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wa wakati ule, ilivuma dhoruba kubwa. Wavulana walikuwa wakishindana kuruka mbali. Newton hakuwa hodari wa michezo, lakini alisubiri upepo ukivuma kwa nguvu akaruka kuufuata, kisha akageuka akaruka kuukabili, akapima tofauti ya hatua zake na za siku ya shwari. Kwa njia hiyo aliweza kutaja nguvu ya upepo kwa futi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na tayari anapima jinsi hewa inavyomsaidia au kumzuia mtu anayekwenda. Hili ndilo jambo nililolisahau mimi pale mkutanoni.

Mama yake, aliyekuwa amekwisha kufiwa na mume wa pili, alimwondoa shuleni ili awe mkulima. Hapo maisha yake yalikuwa karibu kwisha kabla ya kuanza. Aliachiwa kondoo, naye akakaa chini ya ua wa miti akisoma, na kondoo wakaingia mashamba ya watu. Mwaka wa 1659 alitozwa faini katika baraza la kijiji kwa uharibifu huo. Alipotumwa sokoni alimwachia mtumishi biashara yote, akajificha na kitabu. Mwishowe mjomba wake, pamoja na mwalimu mkuu wa Grantham, walimwendea mama wakamsihi. Mwalimu akakubali hata kusamehe ada aliyotozwa mwanafunzi wa kutoka nje ya mji. Sisi tunaojua kukaa nyumbani wiki tatu tukingoja karo tutaelewa maana ya msamaha huo. Mama akakubali, kijana akarudi.

Mwaka wa 1661 aliingia Trinity College, Cambridge, kwa daraja ya wanafunzi maskini waliolipia masomo yao kwa kuwatumikia wenzao na walimu mezani na vyumbani. Mama yake hakuwa maskini, ila alikuwa mzito wa kutoa. Miaka minne baadaye tauni ikaingia Uingereza, Chuo kikafungwa, na Newton akarudi Woolsthorpe. Huko kijijini, kati ya 1665 na 1667, bila mwalimu, alianzisha hisabati mpya, akaichambua nuru kwa kipande cha kioo, na akaanza kufikiri juu ya mvutano wa dunia.

Tofaa lilianguka kweli, au angalau yeye mwenyewe alilisimulia alipokuwa mzee. Halikumwangukia kichwani. Alilitazama likianguka, akajiuliza kama nguvu inayolivuta yafika mpaka mwezini. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara sitini kuliko sisi. Akafikiri kwamba huko nguvu hiyo hupungua mara sitini zidisha kwa sitini, yaani mara 3,600. Jiwe hapa kwetu huanguka karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi huanguka kuelekea dunia umbali kama huo kwa dakika nzima. Naam, mwezi unaanguka, ila unakwenda upande kwa kasi kiasi kwamba kila unapoanguka dunia nayo imepinda chini yake. Setilaiti ni vivyo hivyo. Haielei juu. Inaanguka mchana na usiku na kuikosa dunia.

Newton aliyaweka mambo haya sandukuni miaka mingi. Alifanywa profesa wa hisabati mwaka wa 1669, na alikuwa mtu wa kukaa peke yake, mwepesi wa kuudhika. Mwaka wa 1679 Robert Hooke, katibu wa chama cha wataalamu cha London kiitwacho Royal Society, alimwandikia kumtaka mawazo. Newton akajibu kwa jaribio zuri: kitu kikiangushwa kutoka juu sana kitatua mashariki kidogo ya shina la mnara, kwa kuwa kilele cha mnara huzunguka na dunia kwa kasi zaidi kuliko shina. Hilo lilikuwa sawa. Lakini aliongeza mchoro wa njia ambayo kitu hicho kingeifuata kama kingeweza kupenya ndani ya dunia, akauchora kama konokono, ukizunguka na kuingia mpaka kitovuni.

Hooke aliusoma mbele ya wanachama na kuusahihisha hadharani. Alisema kwamba bila kukinzwa, kitu hicho hakingeingia kitovuni, bali kingezunguka na kurudi juu, njia yake ikiwa mfano wa yai. Ni pale tu ambapo hewa inakikinza ndipo kingesogea ndani kidogo kidogo mpaka kifike kitovuni. Newton alikasirika sana. Niliposoma ukurasa huo nilikifunga kitabu kwa muda, kwa sababu nilijua jinsi masikio yake yalivyopata moto. Na ajabu ni kwamba sahihisho la Hooke, lile la kusogea ndani kidogo kidogo, ndilo linaloeleza yanayozipata setilaiti za chini. Hooke, hata hivyo, hakuweza kulithibitisha kwa hesabu. Newton aliweza, na sehemu ya nguvu iliyomsukuma ilikuwa hasira.

Mwezi wa Agosti 1684 Edmond Halley alimtembelea Cambridge akamwuliza nyota sayari ingefuata njia gani kama jua linaivuta kwa nguvu inayopungua kwa kadiri ya umbali zidisha kwa umbali. Newton akajibu mara moja kwamba ni mfano wa yai, na kwamba amekwisha kupiga hesabu yake, ila karatasi haionekani. Akaahidi kuiandika upya. Kazi hiyo ikakua miezi karibu kumi na minane, akisahau chakula na usingizi, mpaka ikawa kitabu kikubwa cha Kilatini, Principia, kilichotoka mwezi wa Julai 1687. Royal Society haikuwa na fedha za kukichapa, maana ilikuwa imezimaliza kwa kuchapa kitabu cha samaki. Halley akalipa kwa mfuko wake.

Sasa nataka kukaa hapa kidogo, kwa kuwa humu ndani ya Principia yamo mambo mawili ambayo sisi wanafunzi hatuyafundishwi, na ambayo setilaiti huyakuta kila siku.

La kwanza ni umbo la dunia. Mwaka wa 1672 Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akiwa na saa ya penduli iliyokwenda sawasawa Paris. Cayenne ikachelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Ilimlazimu kuifupisha penduli, iliyokuwa na urefu wa karibu sentimita 99, kwa milimita kama tatu hivi ndipo iende sawa. Halley naye aliyakuta hayo katika kisiwa cha St Helena mwaka wa 1677. Baadhi ya watu walidhani ni joto limeirefusha chuma. Newton akasema hapana: penduli inapembea polepole kwa sababu uvutano wa dunia ni hafifu zaidi karibu na ikweta. Dunia inazunguka, na watu wa ikweta huenda karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo kiuno cha dunia kimevimba na ncha zake zimebonyea. Hapa petu tuko mbali zaidi na kitovu kuliko mtu wa Ncha ya Kaskazini, na mzunguko nao unatupunguzia uzito. Gunia la mahindi la kilo 90, likipimwa kwa mizani ya springi katika Ncha ya Kaskazini na kisha kwenye ikweta, litaonekana limepungua karibu nusu kilo. (Mfanyabiashara asifurahi. Mizani ya mawe haitaonyesha tofauti, kwa kuwa mawe nayo yamepungua.)

Newton alikadiria kwamba kipenyo cha ikweta chamzidi mwenzake wa nchani kwa sehemu moja katika 230. Alizidisha kidogo, kwani alichukulia kwamba dunia ni ya udongo mmoja ndani mpaka nje. Kipimo cha leo ni sehemu moja katika 298, yaani mtu wa ikweta yuko mbali na kitovu kwa kilomita 21 zaidi. Wataalamu wa Ufaransa walimpinga, wakisema dunia imerefuka kama limau. Ubishi ulikwisha baada ya kifo chake, pale Wafaransa wenyewe walipopeleka wapimaji Lapland na Peru katika miaka ya 1730 na kuona kwamba Mwingereza alisema kweli.

Uvimbe huo waifanya nini setilaiti? Chukua sinia uliinamishe. Ukingo wa sinia ndio njia ya setilaiti, na katikati yake weka dunia. Uvimbe wa ikweta hulivuta sinia ili lilale sawa na ikweta. Lakini halilali. Aliyecheza pia utotoni ajua kwamba pia inayozunguka ukiisukuma ubavuni haianguki, bali shingo yake huzungukazunguka. Sinia nalo hubaki na mwinamo wake, ila upande ulioinama huhama siku hata siku. Setilaiti iliyo kilomita 400 juu, yenye njia iliyoinama digrii 52 hivi, bapa lake huhama karibu digrii tano kila siku kuelekea magharibi, na kwa muda wa siku sabini hivi limekwisha kuzunguka lote. Newton hakuwa na setilaiti, lakini alikuwa na mwezi, akaonyesha jinsi jua linavyoihamisha njia yake kwa namna hiyo. Na alikuwa wa kwanza kueleza kwamba jua na mwezi, kwa kuuvuta uvimbe wa dunia, huufanya mhimili wa dunia uyumbe kama shingo ya pia, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi. Wataalamu wa leo hata wameutia uvimbe huo kazini. Setilaiti nyingi za kutazama ardhi na mawingu hurushwa kwa mwinamo wa digrii 98 hivi, bapa lao lihame karibu digrii moja kwa siku, sambamba na jua, zipite juu ya kila mahali saa ile ile ya mchana. Kazi hiyo hufanywa bure na kiuno cha dunia.

La pili ni hewa. Kitabu cha pili cha Principia karibu chote ni juu ya vitu vinavyokwenda ndani ya kitu kinachokinza, na imo sehemu nzima juu ya mwendo wa mviringo unaokinzwa na kugeuka konokono. Naamini hakumsahau Hooke alipoiandika. Sheria yake ni hii: ukinzani huongezeka kwa kadiri ya uzito wa hewa yenyewe, na kwa ukubwa wa uso wa kitu, na kasi ikizidi mara mbili ukinzani huzidi mara nne. Aliijaribu kwa penduli zilizopembea hewani na majini. Mwaka wa 1710, alipokuwa mzee, matufe ya kioo yaliangushwa ndani ya kanisa kuu la St Paul's, London, kutoka urefu wa futi 220, muda ukapimwa. Na mwaka wa 1719 yakaangushwa mengine yaliyotengenezwa kwa vibofu vya nguruwe, mepesi kama mipira yetu ya karatasi, ili hewa ionekane vizuri inavyoyachelewesha.

Aliichora hewa kama chembe zilizotengana, kila moja ikigonga kitu peke yake. Kwa hewa ya hapa chini picha hiyo ina kasoro, kwa sababu chembe husukumana na kukipita kitu kama maji yanavyolipita jahazi. Lakini huko juu zinakopita setilaiti, chembe zimetengana kwelikweli, na hugonga moja moja kama alivyosema. Picha yake imefaa mahali ambapo hakuna mtu wa zama zake aliyetarajia kufika.

Na hapa ndipo lilipo kosa lake. Alipotaka kuonyesha kwa nini sayari zaendelea bila kuchoka, alipiga hesabu ya hewa ya maili 200 juu, kama kilomita 320, akapata kwamba ni nyembamba kuliko ya chini mara 75,000,000,000,000. Hewa ya namna hiyo haimzuii mtu. Kumbe hesabu yake haikujua kwamba jua hulipasha joto tabaka la juu mpaka likafikia mamia ya digrii, hata elfu na zaidi, na hewa yenye joto hupanuka na kupanda. Kipimo cha leo cha kimo hicho ni kama mara 100,000,000,000. Bado ni nyembamba sana, lakini ni nzito mara mamia kuliko alivyodhani. Katika maandishi yake mengine, yaliyochapwa mwaka wa 1728, alieleza mlima mrefu ambao kutoka kileleni mawe yatupwa kwa kasi zaidi na zaidi, mpaka moja laizunguka dunia na kurudi mgongoni mwa aliyelitupa. Humo alimwomba msomaji aiweke hewa kando. Mimi niliiweka kando bila hata kuombwa.

Maisha yake yaliyobaki nitayapita haraka. Mwaka wa 1696 alihamia London kusimamia kiwanda cha fedha cha serikali, akawafuatia wenye kughushi sarafu bila huruma. Alikuwa rais wa Royal Society tangu 1703, mwaka ule ule aliokufa Hooke, na malkia akampa cheo cha Sir mwaka wa 1705. Aligombana na Mjerumani Leibniz juu ya nani aliyeanzisha hisabati mpya, na katika ugomvi huo hakutenda haki: kamati ya kuamua aliichagua yeye, na hukumu akaiandika yeye. Hakuoa. Alikufa mwezi wa Machi 1727, akazikwa Westminster Abbey.

Setilaiti ya kwanza, Sputnik 1, ilirushwa na Warusi tarehe 4 Oktoba, 1957. Iliizunguka dunia kwa dakika 96, na kila wiki muda huo ukapungua. Watu wengi walistaajabu, na hata mimi nilistaajabu: hewa inaikinza, nayo inazidi kwenda mbio! Nimeifahamu kwa njia ya shilingi. Setilaiti ikishuka, kuanguka kwenyewe kunailipa shilingi mbili za mwendo. Hewa yala moja. Moja inabaki mfukoni, nayo ni kasi zaidi. Kwa hiyo setilaiti ya kilomita 400 huenda karibu kilomita 7.67 kwa sekunde, na ya kilomita 200 huenda 7.78, lakini huko chini hewa ni nzito zaidi, ulaji nao wazidi, na mwisho haukawii. Sputnik 1 iliungua hewani tarehe 4 Januari, 1958. Msomaji aliyeishika tarehe ya mwanzo ataona kwamba ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Newton.

Ugumu ni kwamba mlaji huyu hana mlo mmoja. Jua lina majira yake ya miaka kumi na moja hivi. Likichachamaa, hewa ya juu huvimba na setilaiti huzidi kukinzwa. Kituo cha Wamarekani kiitwacho Skylab kilianguka tarehe 11 Julai, 1979, kabla ya kupatikana chombo cha kukisukuma juu, na vipande vyake vikatua Australia ya Magharibi. Mwezi wa Februari 2022 zilirushwa setilaiti 49 za Starlink kwa mara moja, zikaachwa kwanza katika kimo cha kilomita 210. Dhoruba iliyotoka juani ikaiongezea hewa uzito, na karibu 40 zikapotea kwa siku chache.

Uvutano nao haukuishia kwenye kiuno. Ndani ya dunia mna sehemu nzito na sehemu nyepesi. Kusini ya Bara Hindi uso wa bahari uko chini kwa kama mita 106 kuliko umbo la kawaida la dunia, na majahazi ya mababu zetu wa pwani yaliyokwenda huko hayakuhisi mteremko wowote, kwa kuwa maji hulala jinsi uvutano unavyoyalaza. Setilaiti mbili za GRACE, zilizofanya kazi tangu 2002 hata 2017, zilifuatana zikiachana kilomita 220 hivi. Ya mbele ikikaribia sehemu nzito huvutwa kwanza na kuiacha ya nyuma; na kwa kupima umbali wao ikapatikana ramani ya uvutano wa dunia nzima.

Sasa Ngomeni. Tarehe 26 Aprili, 1967, kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini katika ghuba ya Ungwana, Waitaliani wakiongozwa na Luigi Broglio waliirusha San Marco 2 kwa roketi ya Kimarekani. Palichaguliwa kwa sababu ni karibu na ikweta, ambapo dunia yenyewe husaidia kurusha, na setilaiti hupita juu ya mkanda ule ule kila mzunguko. Ilikuwa tufe lenye gamba jepesi la nje, na ndani yake kitu kizito kilichoshikwa kwa mikono ya springi. Hewa ililisukuma gamba peke yake, cha ndani kikaendelea mbele, kama abiria anavyosukumwa mbele matatu ikifunga breki. Kwa kupima mwachano huo mdogo walijua uzito wa hewa ya juu ya ikweta wakati ule ule setilaiti ilipokuwa ikipita. Ilianguka na kuungua tarehe 14 Oktoba, 1967, haijatimiza miezi sita. Ilirushwa kuipima hewa, na hewa ile ile ikaiangusha. Nyingine tatu za jina hilo zilizorushwa hapo, mwaka wa 1971, 1974 na 1988, zimefuata njia hiyo hiyo.

Hilo ndilo jibu ninalodaiwa na yule ndugu wa kidato cha tatu, nami nimelichelewesha muhula mzima. Nimemwomba mwalimu nafasi ya dakika ishirini katika mkutano ujao wa Chama, kabla ya sisi wa kidato cha nne kuingia mitihani. Pia ninayo. Sinia nimeahidiwa na mpishi, kwa sharti nilirudishe kabla ya chakula cha jioni.